Usinunue pampu ya tatu kabla ya kupima umeme unaoifikia

Swali: "Nina Toyota Corolla 110, injini ya 5A, gia za mkono. Tangu mwaka jana linazima likishapata moto, hasa mchana na kwenye milima. Nikisubiri dakika 20 hivi linawaka. Fundi alibadilisha pampu ya mafuta, likatulia wiki mbili, likarudia. Akafunga nyingine, likatulia siku nne. Sasa kwa stata haliwaki kabisa, ila likisukumwa linawaka. Fundi akivuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu, pampu inalia vizuri. Fyuzi nzima, na akigusa tesa ya taa kwenye soketi ya pampu, taa inawaka. Anasema pampu za siku hizi ni feki, ama ninunue ya tatu ama anipigie direkti. Gari lina alamu iliyofungwa na mwenye gari wa kwanza. Nishauri." (Msomaji, Morogoro)

Jibu:

Usinunue, ndugu yangu. Na hiyo direkti, yaani kuvutiwa waya mpya moja kwa moja hadi kwenye pampu, usiikubali, sababu nitaifikia. Pampu feki zipo tele, silikatai hilo, lakini umetuandikia mwenyewe ushahidi wa kutosha wa kutoilaumu pampu kwanza. Tatizo ni umeme unaoifikia kuwa pungufu, na naona dalili kwamba kwenye pampu mbili ulizotupa huenda walau moja ilikuwa nzima.

Tuanze na neno ulilolitaja kwa kupita tu: likisukumwa linawaka. Kwenye Corolla hiyo pampu haiwashwi na swichi ya ufunguo moja kwa moja. Umeme unatoka betri, unapita fyuzi kubwa, unafika kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) kuu ya EFI, mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, na fyuzi yake ya EFI ya ampea 15, halafu unakwenda kwenye rilei ya pili, ile ya pampu yenyewe. Kwenye nyingi za Toyota za kizazi hicho rilei hii ya pili imefichwa ndani, chini ya dashibodi, ndiyo maana mafundi wengi wanaitafuta kwenye boksi la boneti hawaioni, wanaamua haipo. Kutoka hapo waya unashuka pembeni mwa sakafu, chini ya zulia, hadi kwenye siti ya nyuma, unaingia kwenye pampu iliyo ndani ya tanki, kisha unarudi kwenye bodi ya gari kama erthi. Anayeamua rilei ya pampu ifunge, yaani iunganishe umeme, ni kontroli boksi (kompyuta ya injini), na haifungi mpaka ipate ishara ya mzunguko wa injini kutoka kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Injini ikisimama, ishara inakatika, rilei inaachia, pampu inazima.

Sasa, gari lako likisukumwa linawaka na kutembea. Maana yake distribyuta inatoa ishara, kontroli boksi inaipokea, na rilei inafunga. Ingekuwa mojawapo ya hao watatu amekufa, ungesukuma mpaka stendi ya Msamvu bila kusikia hata mlipuko mmoja. Tofauti ya kusukuma na kupiga stata ni moja: stata inameza umeme. Betri yenye volti 12.4 ikibeba stata inashuka hadi 10 hivi. Kama njiani kuna mahali panapokula volti tatu, pampu inabaki na saba. Inageuka kwa uvivu, presha haipandi, nozeli zinamwaga mafuta kidogo na injini haishiki. Likisukumwa betri haibebi stata, kwa hiyo pampu inapata tisa na ushee. Hazitoshi, lakini injini inashika. Ikishawaka, oltaneta inapandisha umeme hadi volti 14 hivi, gari linatembea vizuri mpaka utakapopanda mlima au joto litakapozidi, kwa sababu kiungo kibovu kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyozidi kubana umeme.

Nasema hivyo nikijua kwamba fundi wako ataniuliza: mbona taa ya tesa inawaka? Swali zuri, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea.

Taa ya tesa inakula robo ampea tu, pengine chini ya hapo. Pampu yako inakula ampea tano, sita. Chukua kiungo kilichopata kutu chenye ukinzani (kubana umeme) wa nusu omu. Ukipitisha robo ampea, kinapoteza volti 0.125, na taa itawaka kama kawaida, hakuna jicho litakaloona tofauti. Ukipitisha ampea sita, kiungo kile kile kinapoteza volti tatu. Maltimita ya dijitali ndiyo mwongo zaidi, kwa sababu yenyewe haili umeme wowote wa kuhesabika. Waya wenye nyuzi 30, zikikatika 29, mita itakuonyesha 12.4 bila aibu. Ndiyo maana nikisikia fundi anasema "umeme upo" huwa namuuliza: upo pampu ikiwa inafanya kazi, au upo soketi ikiwa imechomolewa? Soketi ikiwa imechomolewa hujapima kitu.

Ukishaelewa hilo, yale mambo mawili yaliyokuchanganya yanajieleza. Waya wa moja kwa moja kutoka betri unairuka njia nzima yenye kosa, lazima pampu ilie vizuri. Fundi alitakiwa aseme "pampu nzima, njia mbovu", yeye akasema pampu feki. Na pampu mpya kutulia wiki mbili? Kila mara alipochomoa soketi na kuirudisha, pini zilisuguana zikajikwangua kutu. Kilichotengeneza gari lako kilikuwa ule msuguano, na siku nne baadaye kutu ikarudi. Hii inanifanya nishuku soketi ya pampu kwanza kabisa, pamoja na alamu. Nitazirudia zote mbili.

Swali moja la kumuuliza fundi: alipovuta waya kutoka betri, alivuta mmoja wa chanya peke yake, au aliweka na wa hasi? Kama alivuta wa chanya peke yake na pampu ikalia kwa nguvu, erthi yako ni nzima na tutafute upande wa chanya tu. Kama alivuta yote miwili, hatujui kitu kuhusu erthi.

Haya, tupime. Unahitaji maltimita, hata ya bei ndogo inatosha, waya mwembamba wa mita tano wa kurefushia mkono wa mita (wembamba hauna shida kwa kuwa haubebi mzigo), kipande kifupi cha waya cha kuunganishia, na pini mbili za kushonea nguo. Fungua milango yote. Siti ya nyuma ukiinyanyua utakuta kifuniko, chini yake soketi ya pampu na harufu ya petroli. Unganisha mikono ya mita yote kabla hujafungua ufunguo, ili cheche ikitokea isitokee pale juu ya tanki. Sigara iwe mbali, na zima moto iwe karibu, iliyo na presha, si ile iliyonunuliwa kwa ajili ya trafiki.

Ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye maandishi DIAGNOSTIC. Fungua mfuniko, upande wake wa ndani kuna ramani ya matundu. Tafuta FP (waya wa pampu) na +B (umeme wa betri). Ukiunganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya na ufunguo ukiwa ON, pampu inawashwa bila kupitia rilei yake, injini ikiwa imezima. Soma ramani vizuri kabla ya kuchomeka. Ukikosea ukapeleka +B kwenye E1, ambayo ni erthi, hiyo ni shoti na fyuzi ya EFI inakwenda. Nakutahadharisha pia na kosa la kusikiliza: Toyota nyingi za zama hizo ukifungua ufunguo tu pampu hailii, inasubiri stata. Magari mengine mengi hulia sekunde mbili kisha hunyamaza. Watu wamenunua pampu kwa sababu tu hawakuusikia mlio ambao haukutakiwa kuwepo.

Pampu ikiwa inazunguka hivyo, soketi yake ikiwa imechomekwa mahali pake, chomeka pini kwa nyuma ya soketi pembeni mwa waya wa pampu, ule mnene. Soketi hiyo hubeba pia nyaya za geji ya mafuta, ambazo ni nyembamba. Weka mkono mwekundu wa mita kwenye nguzo chanya ya betri kwa waya ule mrefu, na mweusi kwenye pini. Mita ikiwa kwenye volti DC, namba utakayoisoma ni volti zilizopotea njiani. Hapa namba ndogo ndiyo nzuri. Kisha hamia upande wa pili: mwekundu kwenye waya wa erthi wa pampu, mweusi kwenye nguzo hasi ya betri. Mimi upande wa chanya nikiona chini ya volti moja sihangaiki sana, na upande wa erthi nataka isizidi 0.2. Ukiona volti mbili au tatu, umeshampata mwizi, kilichobaki ni kujua amejificha nyumba gani.

Kumtafuta, sogeza pini. Acha mkono mwekundu kwenye betri, toa mweusi kwenye pampu, upeleke kwenye FP kule mbele. Kama kwenye FP unapoteza 0.3 na kwenye pampu 3.1, kosa liko kati ya boneti na siti ya nyuma. Gawa tena katikati, pale waya unapopita chini ya kizingiti cha mlango. Mara tatu, nne hivi, na unakuwa umekishika.

Kumbuka lakini kwamba kipimo hiki kimeiruka rilei ya pampu. Kuipima yenyewe, toa kile kipande cha waya, washa gari kwa kulisukuma, halafu weka mikono ya mita kwenye +B na FP injini ikiwa inaunguruma. Unasoma hasara ya kontakti za rilei peke yake. Ikisoma karibu sifuri, iache. Ikisoma volti moja, kontakti zimeungua, badilisha rilei. Usifungue ukapiga msasa: ile rangi ya fedha ya juu ikiisha, itaungua upya ndani ya mwezi.

Nikurudie kwenye alamu, maana hapo ndipo ningeweka dau langu kama si soketi. Tuliwahi kuletewa Noah lenye hadithi kama yako, tena lenyewe lilikuwa limeshakula pampu tatu. Betri 12.4, volti kwenye pampu ikifanya kazi 8.9. Tukanyanyua zulia la dereva. Pale pembeni mwa kizingiti kulikuwa na fundo la tepu nyeusi limelainika kwa joto, linanata kama ubani. Ndani yake waya wa pampu ulikuwa umekatwa, ncha zake zimesokotwa kwa vidole na nyaya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye rilei ndogo ya alamu, bila risasi ya kulehemu, bila pini. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, na plastiki ya waya mmoja ilikuwa imekakamaa hadi ukiikunja inavunjika. Pale peke yake pamelala volti 2.8. Alamu ilishakufa siku nyingi, king'ora hakipo, rimoti haipo, lakini umeme wote wa pampu bado ulikuwa unapita kwake kila siku. Tulikata lile fundo, tukaunganisha waya kama ulivyotoka kiwandani, na hasara yote ikabaki 0.6.

Hali hiyo ni ya kawaida sana kwetu, kwa sababu vifaa vya kufuatilia gari, hasa la mkopo, na alamu za kuzuia wizi mara nyingi hukata pampu ya mafuta. Sina ugomvi na kukata pampu, nina ugomvi na kukata waya mnene wenye ampea sita kwa rilei ya bei ya soda. Kama unataka ulinzi ubaki, mwambie fundi akate ule waya mwembamba wa FC unaotoka kontroli boksi kwenda kwenye koili ya rilei ya pampu. Pale panapita sehemu ndogo tu ya ampea, hakuna kitakachopata moto, na gari halitawaka vilevile. Tahadhari moja: waya huo usiupime kwa tesa ya taa, tumia mita tu, kwa kuwa unaongea na kontroli boksi moja kwa moja. Ufunguo ukiwa ON injini imezima utasoma umeme wa betri, na ukipiga stata lazima ushuke hadi karibu na sifuri.

Soketi ya pampu nayo iangalie kwa jicho kabla ya mita. Ichomoe, igeuze kwenye mwanga. Pini ya pampu ikiwa ya kahawia au bluu wakati wenzake bado wanang'aa, au plastiki imeyeyuka kidogo kuizunguka kama mshumaa, jibu umelipata. Usiikwangue ukairudisha, ndicho kilichokuwa kikitokea bila fundi kujua. Pini iliyoungua imeshapoteza uspringi wake. Nunua kipande cha soketi na nyaya zake kutoka gari lililochinjwa, mzima, uunganishe kwa kulehemu kwa risasi na kufunika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Waya usiwe mwembamba kuliko wa kiwandani. Kama kosa ni erthi, fungua boliti, kwangua rangi na kutu mpaka uone chuma cheupe, funga, kisha paka grisi juu.

Ukimaliza, pima ampea. Toa kile kipande cha waya kati ya FP na +B, weka mita mahali pake ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Kwa pampu ya aina hii mimi hutarajia 4 hadi 7. Ikikaribia 10, pampu inasukuma kwa shida, angalia filta ya mafuta au pampu yenyewe imeanza kukwama, na hiyo ndiyo inayochoma pini za soketi. Ikiwa 2, inazunguka bila mzigo, pengine tanki kavu au mpira wa ndani umechanika. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana ukakuta pampu ya pili uliyofungiwa ni mbovu kweli. Lakini utakuwa umejua kwa namba.

Kuhusu direkti. Fundi akivuta waya kutoka kwenye swichi hadi kwenye pampu, gari litawaka, nakubali, na utamshukuru. Ila ile kazi ya kontroli boksi kukata pampu injini inaposimama ndiyo kinga yako siku ya ajali. Gari limepinduka, bomba la mafuta limekatika, injini imezima, na pampu ya direkti inaendelea kumwaga petroli juu ya bomba la moshi lenye moto kwa sababu ufunguo bado uko ON. Na nimeona direkti zilizopigwa bila fyuzi kabisa, au fyuzi ya 15 ikabadilishwa kwa ya 30 "isikate kate". Waya unaopita chini ya siti wanayokalia watoto, juu ya tanki la petroli. Hapana.

Kwa wasomaji wenye magari mengine, maneno mawili. Honda za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za 1990 zina ugonjwa unaofanana na huu, lakini wao hupata kwenye rilei kuu: risasi ya ndani hupasuka nyufa nyembamba, gari linagoma kuwaka mchana wa jua kali, jioni linawaka kama hakuna kilichotokea. Kulehemu upya nukta zake chini ya kioo cha kukuzia hutibu. Ford na Land Rover nyingi zina swichi ya mshtuko inayokata pampu zikigongwa, na shimo baya la barabara wakati mwingine hutosha kuifyatua. Ibonyeze kwanza, kabla hujaita fundi.

Na kama gari lako lingekuwa haliwaki hata kwa kusukumwa, ningekuambia uanze mahali pengine kabisa: chomoa waya wa plagi uone kama plagi zinatoa moto. Moto ukikosekana pamoja na pampu, ni distribyuta au umeme wa kontroli boksi, na taa ya injini kwenye dashibodi itakusaidia kuchagua. Ufunguo ukiwa ON na taa hiyo haiwaki, anza na rilei kuu na fyuzi ya EFI. Lakini kwako anza na zulia la dereva. Nyanyua, fuata nyaya za alamu kwa mkono, uone zinaishia wapi.